Jenerali ambaye hakuwahi kusikizwa kortini

Siku ukipanda matatu ya Wote au Kitui na uketi kando ya mzee wa rika la babu yako, mtajie jina hili: Meja Jenerali Joseph Ndolo. Usishangae akinyamaza kwanza.

Enzi za mkoloni, Ukambani palikuwa shamba la kuvuna askari. Wazungu walijiaminisha eti Wakamba wamezaliwa kupigana. Wapi! Ukame ukipiga Kitui na Makueni, na kodi inadaiwa, mshahara wa jeshi la KAR ndio uliolisha boma. Kizazi cha Ndolo kilipitia mlango huo. Na kupanda cheo haikuwa mchezo: hata ‘efendi’, cheo kilichoanzishwa upya 1956 kwa Waafrika, kilimweka mtu juu ya sajini lakini chini ya afisa yeyote Mzungu.

Uhuru ulipokuja 1963, mambo yakageuka haraka. Mwaka wa 1966 Ndolo akawa Mwafrika wa kwanza kuongoza Jeshi la Nchi Kavu la Kenya, kiti kilichokuwa cha Mwingereza. Kufikia 1969 alikuwa Mkuu wa Majeshi. Wakati huohuo Jaji Mkuu alikuwa Kitili Mwendwa, mwana wa chifu wa Kitui, Mwafrika wa kwanza kushika wadhifa huo. Hebu fikiria: bunduki na sheria za taifa changa, zote mikononi mwa wana wa Ukambani.

Halafu ikaja 1971. Kundi la watu, akiwemo mbunge wa Yatta Gideon Mutiso, lilishtakiwa kwa kupanga kupindua serikali ya Kenyatta, likafungwa jela. Jina la Ndolo lilitajwa kwenye kesi hiyo. Hakushtakiwa, lakini alijiuzulu. Mwendwa naye akafuata.

Hapa ndipo mimi hukwama. Kama ushahidi ulikuwepo, mbona hakufunguliwa mashtaka? Na kama haukuwepo, mbona aende nyumbani? Wapo wanaosema Wakamba walifagiliwa serikalini. Ngoja kwanza: Jeshi la Nchi Kavu lilikuwa mikononi mwa Jackson Mulinge, Mkamba vilevile, ambaye baadaye, 1982, alikuwa mkuu wa majeshi jaribio lingine la mapinduzi lilipozimwa. Kwa hivyo hadithi ya kabila peke yake haitoshi, ingawa ndiyo tamu kusimulia.

Ndolo alikufa kwenye ajali ya barabarani 1984. Mwendwa, aliyekuwa amerudi na kuchaguliwa mbunge wa Kitui Magharibi, naye aliuawa na ajali ya barabarani 1985. Unaweza kukisia uvumi uliozuka vijijini. Aliyetoka safu ya chini hadi kilele cha jeshi alizikwa bila mahakama yoyote kumuuliza upande wake.