Ujerumani kwa Shanta na Kitanda cha Dabodeka

Ujerumani ni nchi ghali, wala hakuna haja ya kumficha msomaji wa Muthara jambo hilo. Chumba cha hoteli ya kawaida mjini Munich hulipiwa kwa usiku mmoja pesa ambazo kibarua wa shamba hapa Tigania hazioni kwa wiki nzima, na wakati wa tamasha la bia la Septemba bei hupaa zaidi. Hata hivyo, kila kiangazi vijana wa mataifa mengi huizunguka nchi hiyo majuma mawili matatu, shanta mgongoni, na wengi wao si watoto wa matajiri. Twaweza kudhani kwamba wamegundua vichochoro vya bei ya chini. Sivyo. Unafuu wa Ujerumani umo katika vitu vinavyotumiwa na watu wengi kwa pamoja: anayekubali kushiriki hulipa fungu lake tu, anayetaka chake peke yake hulipa yote. Hoja hii yafaa kupimwa sasa. Tangu Kenya na Ujerumani zitie saini mkataba wa uhamiaji na ajira mjini Berlin mnamo Septemba 2024, vijana wa Meru wanaitaja nchi hiyo kila siku, ila karibu kila mara kama mahali pa kwenda kufanya kazi, si pa kwenda kutembea.

Hosteli za vijana, zenye malazi ya pamoja, zilianzia huko huko, na aliyezianzisha hakuwa mfanyabiashara. Agosti 1909 mwalimu Richard Schirrmann alikuwa katika matembezi marefu na wanafunzi wake walipokumbwa na mvua ya radi, wakajihifadhi usiku huo katika shule iliyofungwa kwa likizo. Akawaza: kwa nini majengo kama hayo yakae matupu, na watoto wa wafanyakazi wa viwandani hawana pa kulala wakitoka kuiona nchi yao? Mwaka 1912 akapata nafasi katika ngome ya Altena, na vitanda vya mbao vya mwanzo vinaonyeshwa humo hadi leo. Utawala wa Hitler ulipoingia 1933 uliuteka mtandao wa nyumba kama hiyo uliokuwa umeenea na kumsukuma kando mwanzilishi. Baada ya vita ukafufuliwa, na sasa nyumba zake ni karibu 400. Nyingine zimo katika majengo ambayo mtu wa kawaida hangeota kuyakodi. Nuremberg, mgeni hulala katika ghala la nafaka la mwaka 1495 lililo kwenye ngome ya wafalme. Bacharach, juu ya mto Rhine, hulala ndani ya ngome ya Stahleck yenyewe. Nyumba hizi hudai uanachama, lakini bei yake kwa kawaida huwa na shuka na kifungua kinywa ndani. Hosteli za watu binafsi, zilizotapakaa Berlin, Hamburg na Cologne, hazidai uanachama. Ila baadhi hutoza shuka na taulo kando, na bei inayovutia kwenye tangazo siyo itakayolipwa.

Mkenya aliyepitia shule ya bweni hana la kushangaa humo. Vitanda ni vya dabodeka, vinne, sita au zaidi katika chumba kimoja. Kabati ni la chuma na mara nyingi mgeni huja na kufuli yake. Tofauti ni kwamba hakuna kengele wala kiranja. Kitanda hugharimu yuro 20 hadi 40 katika miji mingi, zaidi wikendi, na kilicho kizuri kina pazia, taa ndogo na soketi kando ya mto. Lakini mahali pa kuielewa hosteli ni jikoni. Kila mfuko uliomo kwenye friji hubandikwa karatasi yenye jina la mwenyewe na tarehe yake ya kuondoka. Tarehe ikipita, chakula hutupwa au huhamia rafu ya wote, ambako hukosi nusu pakiti ya tambi, chumvi, na mafuta ya kupikia yaliyoachwa na mtu ambaye sasa yuko mji mwingine. Wanawake wasiotaka chumba cha mchanganyiko waseme mapema, maana vyumba vya wanawake pekee hujaa upesi.

Usafiri unafuata kanuni ile ile. Treni ya kasi hula pesa, hasa tikiti ikinunuliwa siku ya safari. Lakini tangu Mei 2023 kuna tikiti iitwayo Deutschlandticket, inayomruhusu mtu kupanda treni zote za mikoa, mabasi ya miji na treni za chini ya ardhi nchi nzima kwa mwezi mmoja. Ilianza kwa yuro 49, ikawa 58 Januari 2025, na 63 Januari 2026. Ni ya kujisajili, na asiyeifuta kufikia tarehe 10 hukatwa ya mwezi unaofuata. Atakayelalamika kwamba treni hizo ni za polepole yuko sahihi. Lakini treni ya kasi kutoka Cologne hadi Frankfurt hukata milima kwa mahandaki, na abiria haoni kitu, ilhali ile ya polepole hufuata ukingo wa Rhine, ngome baada ya ngome na mizabibu iliyopandwa kwenye miteremko mikali kuliko ya Nyambene. Hapa, kwa maoni yangu, maskini ndiye anayeiona nchi.

Pingamizi nzito zaidi si ya kitanda wala treni. Mtu atasema: unafuu huo ni wa wale wasioombwa viza. Ni kweli, na wanaosifu hosteli hulipita jambo hili kimya. Mkenya hulipa yuro 90 za ombi, hata akikataliwa hazirudi. Hununua bima yenye fidia ya yuro 30,000 au zaidi. Huonyesha akiba, barua ya kazi na sababu za kurudi nyumbani. Mjerumani ajaye kuona Mlima Kenya hujaza fomu mtandaoni na kulipa dola 30 hivi. Usawa haupo, na shanta haiwezi kuuleta. Ila pingamizi hiyo inauthibitisha ukweli wa hesabu: ugumu na gharama ya Mkenya viko Nairobi, kabla ya ndege kuruka. Akishapita mlango, bei za kitanda na treni hazimbagui, na viza hiyo hiyo humfikisha Paris au Prague. Wapo watakaosema afadhali kufikia kwa ndugu, kama desturi yetu ilivyo. Mwenye ndugu Berlin na aende kwake. Lakini ndugu hayuko kila mji, na wengi wa walioko huko hupanga chumba kimoja kidogo.

Kwa anayeamua kwenda, Mei na Septemba ni miezi ya hali nzuri ya hewa, mradi aikwepe Munich wakati wa tamasha lake. Maji ya bomba hunywewa bila hofu. Chupa ya plastiki ya kutumiwa mara moja huwa na amana ya senti 25, hurudishwa dukani. Jumapili maduka mengi hufungwa, basi chakula kinunuliwe Jumamosi. Kuba la bunge la Berlin huingiwa bure kwa kujiandikisha mapema. Ombi la viza hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na si chini ya siku 15. Na miraa ibaki Muthara: huko ni dawa ya kulevya kisheria, kama ilivyo Uholanzi tangu 2013 na Uingereza tangu 2014, na afisa wa forodha wa Frankfurt hatasikiliza kwamba ilikuwa ya kukesha njiani.