Malezi ya Mayai na Vifaranga vya Samaki Nyumbani

Watu wengi wafugao samaki wa mapambo hudhani kuwa samaki akishataga kazi kubwa imekwisha, na kwamba yaliyobaki ni kungoja tu. Kumbe ndipo hasa inapoanza, kwani hata katika mito na maziwa ni wachache mno kati ya wanaoanguliwa wanaofikia ukubwa, na katika tangi la kioo, ambamo maficho ni haba na uchafu hauna pa kwenda, hao wachache nao huangamia ikiwa mfugaji hana maarifa. Maarifa hayo si ya ghali, wala hayahitaji vyombo vya kutoka ng'ambo. Huanza na swali moja, ambalo sharti liulizwe kabla ya kununua hata kioo: samaki huyu, kwa tabia aliyoumbwa nayo, huwalea vipi wanawe?

Mkazi wa Babati, mji uliofanywa makao makuu ya Mkoa wa Manyara mkoa huo ulipoundwa mwaka 2002, ana mwalimu wa karibu. Kando ya mji liko Ziwa Babati, lenye maji baridi na viboko wake mashuhuri, ambamo wavuvi hupata perege na kambale. Na upande wa kaskazini, ndani ya Bonde la Ufa, liko Ziwa Manyara lenye maji ya magadi, ambamo huishi aina ya perege iliyoustahimili ukali wa maji hayo. Perege hawa ni jamii moja na wale samaki wadogo wenye rangi za kuvutia wa Ziwa Tanganyika na Ziwa Nyasa, ambao leo hufugwa katika majumba ya watu wa Ulaya na Marekani.

Jike la perege hutaga katika shimo la duara alilolichimba dume, kisha papo hapo huyazoa mayai kinywani na kuyaatamia humo, akiyageuzageuza ili maji mapya yayapitie yote. Na muda huo wote aghalabu hali kitu, au hula kidogo sana, hata yaanguliwe baada ya siku nne au tano, maji yakiwa na joto la nyuzi 28 hivi za Sentigredi. Vifaranga nao hukaa kinywani mpaka waimalize akiba ya kiini waliyozaliwa nayo tumboni, na hata wakishaanza kuogelea hukimbilia kinywani mwa mama wakihisi hatari. Kwa hiyo mfugaji aonaye shavu la jike limetuna, naye anakataa chakula, amhamishie kwa upole katika tangi lake peke yake, asimlazimishe kula, wala asigonge kioo kwa kutaka kumwonyesha mgeni, maana jike akipata fadhaa huyatema mayai au huyameza.

Akiyatema, bado yaweza kuokolewa. Hutiwa katika chupa yenye matundu madogo ndani ya tangi, ukapitishwa mpira wa pampu ya hewa chini yake, ili mapovu hafifu yayapembeze mayai kama yanavyopembezwa kinywani mwa mama. Yakilala kimya hushikwa na ukungu, na yakirushwa kwa nguvu huumia. Yai lililo hai huwa na rangi ya manjano iliyokolea, na lililokufa hugeuka jeupe. Hilo jeupe halina budi kuondolewa siku ile ile kwa mrija mwembamba, kwa sababu ukungu unaolivaa, wenye nyuzi mfano wa pamba, hutambaa mpaka kwa yaliyo mazima jirani yake.

Si samaki wote walio na huruma ya perege. Samaki wa dhahabu hutawanya mayai yanatayo kwenye majani ya majini, kisha hugeuka na kuyala wao wenyewe, basi hapo dawa ni kuwatenga wazazi na mayai mara tu watagapo. Gapi, samaki mdogo wa Amerika ya Kusini aliyeletwa katika nchi nyingi ili ale viluwiluwi vya mbu, hatagi kabisa bali huzaa watoto walio hai kila baada ya majuma manne hivi, naye huwala asipowekewa magugu mengi yaeleayo ya kuwasitiri. Hata ulezi wa kinywani una hasara zake: katika Ziwa Tanganyika yuko samaki wa jamii ya gogogo mwenye madoa meusi, ambaye hupenyeza mayai yake kati ya mayai ya jike anayetaga, na jike huyo akayazoa yote pamoja, vifaranga wa gogogo hutangulia kuanguliwa, kisha huwala wana wa mwenye kinywa humo humo ndani.

La ajabu zaidi ni mambo ya samaki wa madimbwi ya masika, waliosambaa toka Unguja na Mafia hata bara ya kati. Hawa huzika mayai matopeni, wenyewe hufa dimbwi likikauka, na mayai husubiri kiangazi chote yakiwa hai ndani ya udongo. Mfugaji wao huyatoa mayai majini pamoja na nyuzi za makumbi ya nazi zilizooshwa vema, alizowatandikia badala ya matope, huzikamua zibaki na unyevu kidogo, huzifunga katika mfuko kwa miezi kadhaa, kisha huzitia maji. Na vifaranga wakaanguliwa kwa muda wa saa chache. Kwa mayai haya, kuyaacha majini daima kwa kuyaonea huruma ni kuyaharibu.

Hali ya hewa ya Babati nayo ina hukumu yake. Mji uko juu, na usiku wa Juni na Julai una baridi. Maji yakishuka chini ya nyuzi 20 perege huacha kutaga, na mayai yaliyokwisha kutagwa huchelewa kuanguliwa, yakawa windo la ukungu. Tangi na liwekwe mbali na dirisha, na penye uwezo litiwe kifaa cha kupasha maji joto. Kwa kuwa umeme nao hukatika, afadhali chombo kipana chenye maji ya kina kifupi kuliko kirefu chembamba, kwani hewa huingia majini kwa kupitia uso wake. Maji ya bomba yenye klorini yakae wazi siku nzima kabla ya kutumiwa.

Ama chakula, kosa kubwa ni haraka. Kifaranga mwenye kifuko cha kiini tumboni hahitaji kitu. Apewe riziki aanzapo kuogelea mwenyewe. Vifaranga wa perege, ambao huanguliwa wakubwa kiasi, huweza unga laini wa dagaa. Walio wadogo mno huhitaji vijidudu visivyoonekana kwa macho, ambavyo huoteshwa kwa kuloweka nyasi kavu katika chupa ya maji kwa siku kadhaa, au kiini cha yai la kuku lililochemshwa, kikachujwa kwa kitambaa. Maji ya bwawani yasitiwe ovyo, maana huleta watoto wa kereng'ende, ambao ni wawindaji wakali wa vifaranga.

Walakini wanaokufa kwa njaa si wengi kuliko wanaouawa na ukarimu. Chakula kisicholiwa huoza na kuzaa amonia, ambayo ni sumu, na chujio jipya la sponji halijapata bado bakteria wa kuigeuza. Basi chakula kiwe kidogo, mara tatu au nne kwa siku; mabaki yaondolewe; na sehemu ya maji ibadilishwe mara kwa mara kwa maji yenye joto lile lile.

Malezi yakifaulu, jike mmoja aweza kumwachia mfugaji mamia ya vifaranga, nao watakuwa wengi kuliko tangi. Wagawiwe majirani au wauzwe, lakini kamwe wasimwagwe katika Ziwa Babati. Sangara aliyetiwa Ziwa Viktoria katika miaka ya 1950 na 1960 alichangia pakubwa kuangamiza aina nyingi za samaki wadogo waliokuwa humo tu duniani, wala hakuna aliyeweza kumtoa tena.