Si Jini, ni Jeni: Paka wa Rangi Tatu

Muhula uliopita paka mweusi wa bloku yetu alizaa chini ya ngazi. Watoto watatu: wawili weusi tii, mmoja ana mabaka meusi, ya chungwa na meupe. Jioni ile mjadala ukawaka. Mwenzetu mmoja alishaandaa kiroba akamtupe mbali: "Mama mweusi anazaaje kitu kama hiki? Huyu si paka, jamani."

Ni paka. Siri iko kwenye kromosomu X, iliyobeba jeni inayoamua manyoya yawe meusi au ya chungwa. Mwaka 2025 watafiti wa Japani na Marekani waliitaja kwa jina: ARHGAP36. Dume ana X moja, kwa hiyo anapata rangi moja kati ya hizo mbili. Jike ana X mbili. Anaweza kurithi nyeusi kwa mama na chungwa kwa baba. Akiwa bado tumboni, kila seli yake huzima X moja kwa bahati nasibu, na seli zinazozaliwa nayo hufuata hivyohivyo. Ndiyo maana anatoka mabaka mabaka. Mwingereza Mary Lyon alieleza uzimaji huo mwaka 1961, akiangalia panya. Nyeupe inaletwa na jeni nyingine kabisa.

Sasa utamtambuaje? Mtazame kwenye mwanga. Weusi uliopauka kwa jua hufanana na kutu. Hiyo si chungwa. Paka wa kahawia mwenye milia naye usimhesabu. Ila kijivu ni nyeusi iliyofifia, na krimu ni chungwa iliyofifia, kwa hiyo kijivu, krimu na nyeupe ni walewale.

Ukishampata, karibu kila mara ni jike. Dume wa hivyo ni nadra sana, na mara nyingi ana XXY na hazalishi. Kwa hiyo mtu akikwambia "mchukue tu, ni dume, hatakujazia watoto chumbani", shtuka!

Na baba? Tunamshuku lile dume la chungwa na jeupe linaloshinda kafteria. Tulipowageuza wale weusi wawili, wote madume: X yao ni ya mama peke yake. Hesabu imekubali. Kiroba kimerudi kwenye kazi yake ya nguo chafu, na dada yao bado yupo pale ngazini, anasubiri dagaa.