Samaki wa Hiroshige na Mafundi Wasiotajwa

Kamba kochi ana gamba lenye miiba na sharubu ndefu zilizopinda. Karibu naye wamejikunja kamba wadogo. Ukiinama kuitazama picha hii iliyochapwa kwa ubao unaweza kuzihesabu pingili za miguu yake. Mistari mingine ni myembamba kama unywele, na kila mmoja ulichongwa kwenye ubao kwa kisu.

Aliyeichora ni Utagawa Hiroshige, mzaliwa wa Edo, jiji ambalo leo ni Tokyo, mwaka 1797. Wengi wanamjua kwa picha za barabara, mvua na theluji. Lakini mwanzoni mwa miaka ya 1830, chama cha washairi waliopenda kutunga mashairi mafupi ya utani kilimwagiza awachoree samaki, na mashairi yao yakachapwa kwenye karatasi zilezile. Zilitoka picha 10, kisha miaka michache baadaye zikaongezwa nyingine 10.

Wapo samaki wanaoogelea, lakini wengi wao ni samaki wa jikoni, wamelazwa pamoja na viungo na maua ya msimu wao. Mmoja ana tangawizi ubavuni, mkizi ana ua la kamelia, na chuchunge wamewekwa na konokono wa baharini na tawi la mpichi lililochanua. Mtu wa Edo hakuhitaji kuelezwa maua yale. Alikula kwa majira, na sehewa wa kwanza wa msimu aligombewa kwa bei ya kutisha. Soko la samaki lilikuwa Nihonbashi, katikati ya jiji, na lilibaki hapo mpaka tetemeko kubwa la mwaka 1923.

Sasa tufike kwenye karakana, maana kazi kubwa ilikuwa huko. Hiroshige alichora kwa wino kwenye karatasi nyepesi. Mchongaji aliigandisha kifudifudi juu ya ubao wa mcheri, mti mgumu wenye nyuzi laini, akachonga akiifuata mistari huku mchoro wenyewe ukiharibika chini ya kisu chake. Akiteleza, hakuna mchoro mwingine wa kunakili tena. Kisha vilichongwa vibao vingine, kwa kawaida kimoja kwa kila rangi, vyote vikiwa na alama za kona ili karatasi ikae palepale kila inapolazwa.

Mpiga chapa naye alipaka rangi ya maji kwa brashi, akalaza karatasi iliyotengenezwa kwa magome ya mti wa jamii ya mforosadi, akaisugua mgongoni kwa kisahani bapa kilichovikwa ganda la mwanzi. Hapa ndipo samaki anapopata uhai. Mgongo wake ni wa buluu iliyokolea, rangi inafifia taratibu ubavuni, na tumbo linabaki jeupe. Mfifio huo haukuchongwa popote. Mpiga chapa aliufanya kwa mkono, akipangusa rangi kwenye ubao uliolowa, upya kwa kila nakala. Kwa nakala za kifahari, mafundi wa Edo walijua pia kutumia unga wa ulanga ili karatasi ing'ae, na kukandamiza ubao usio na rangi ili umbo lijitokeze.

Katika picha nyingi za zama zile utakuta sahihi ya mchoraji na alama ya mchapishaji. Katika hizi za samaki utakuta hata majina ya washairi. Jina la mchongaji ni nadra kulikuta, na la mpiga chapa ni nadra zaidi. Sioni haki hapo. Hiroshige alikuwa na jicho la ajabu, hilo halina ubishi, lakini magamba tunayoyasifu yamechongwa na mtu mwingine, na mng'ao wake umetoka kwenye kiganja cha mtu wa tatu.

Makumbusho makubwa ya London na New York yanazo picha za namna hii, na nyingi zinatazamika bure kwenye intaneti. Zitafute, uzikuze hadi uone nyuzi za karatasi. Anayekwambia kuwa ni kazi ya Hiroshige peke yake anawadhulumu waliozichonga na kuzichapa.