Laptopu Imeshika Wi-Fi, Mbona Kurasa Hazifunguki?



Kazi ya karani wa tawi siku hizi haiendi bila kompyuta. Chukueni mfano wa NSSF hapa Uganda. Mwajiri anatakiwa kukata asilimia 5 ya mshahara wa mfanyakazi, aongeze asilimia 10 kutoka mfuko wake mwenyewe, na kuzipeleka zote ndani ya siku 15 baada ya mwezi kwisha. Tangu sheria iliporekebishwa mwaka 2022, hata mwajiri mwenye mfanyakazi mmoja amebanwa na wajibu huo. Mfanyakazi naye anaweza kutazama hesabu yake kwa intaneti, akajua kama fedha zimefika au zimeishia njiani. Basi laptopu ya tawi ikigoma kufungua kurasa wiki ambayo madai yanaandaliwa, hilo si jambo la mchezo.

Ubaya wa hitilafu hii ni kwamba inadanganya. Alama ya Wi-Fi imejaa, laptopu inasema imeunganishwa, lakini kila ukurasa unazunguka tu na mwisho unaandika kwamba haupatikani. Hapo watu hukimbilia kwa fundi, na fundi asiye na subira atasema dawa ni kufuta kila kitu na kuweka Windows upya. Orodha ya wanachama, barua za madai, picha za hati za mishahara, vyote vinakwenda na maji, na tawi linalipa juu yake. Mara nyingi hapakuwa na haja kabisa.

Yapasa kuelewa jambo moja kwanza: Wi-Fi siyo intaneti. Wi-Fi ni kipande kifupi tu cha njia, kutoka laptopu mpaka kile kisanduku cha ruta kilichopo chumbani. Kutoka hapo kuna njia nyingine ndefu ya kampuni ya simu, kisha nyaya zinazopita Kenya au Tanzania hadi baharini. Lori likitoka karakana likafika lango la kiwanda halijafika Mombasa. Ile alama iliyojaa inakuambia lori limefika langoni, basi. Kazi yako ni kutafuta njia imekatika wapi.

Chukua simu ya mkononi, izime data yake yenyewe, kisha iunganishe na Wi-Fi ile ile. Kuzima data ni muhimu, maana simu ikikosa intaneti kwenye Wi-Fi huweza kutumia bando lake kimya kimya, nawe ukadhani ruta ni nzima. Jaribu kufungua ukurasa ambao hujaufungua siku hiyo.

Simu nayo ikishindwa, iacheni laptopu, haina kosa. Tazama kama bando la ruta limekwisha. Hiyo ndiyo sababu ya kawaida kuliko zote, na ndiyo watu huona haya kuiuliza. Kama bando lipo, chomoa ruta kwenye umeme, subiri nusu dakika, uirudishe. Katika hoteli na kumbi za mikutano huenda ukatakiwa kwanza ujaze namba ya siri katika ukurasa wa mwenyeji, na ukurasa huo wakati mwingine haujitokezi. Andika neverssl.com katika kivinjari, mara nyingi utaletwa.

Pengine njia imekatika mbali sana. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika upande wa kusini mwa Afrika, na intaneti ikadorora katika nchi nyingi za Afrika Mashariki, Uganda ikiwamo. Na kuna siku lango linafungwa kwa amri. Jioni ya tarehe 13 Januari 2021, mkesha wa uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchini kote ikarudi tarehe 18. Siku kama hizo hakuna fundi wa kukusaidia, na anayetaka kukutoza fedha kwa kazi hiyo ni mwizi.

Sasa tuseme simu inafungua vizuri na laptopu haifungui. Hapo kosa limo ndani ya laptopu, na mimi ningeanza na saa. Tazama tarehe iliyo pembeni mwa kioo. Laptopu kuukuu huwa na betri ndogo ya kutunza saa, na betri hiyo ikifa, mashine ikizimika inaweza kurudi nyuma miaka kadhaa. Kurasa za benki, za NSSF na za serikali hujitambulisha kwa cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kwisha. Laptopu inayodhani tuko mwaka 2015 itakikataa cheti hicho na kuandika kwamba muunganisho si salama. Rekebisha saa, jaribu tena. Lakini kama saa ni sahihi na onyo linabaki, usilazimishe kupita na kuandika namba yako ya siri. Huenda kuna mtu katikati anayeingojea.

Jambo la pili ni VPN. Kuanzia Julai 2018 serikali ilitoza shilingi 200 kwa siku kwa matumizi ya WhatsApp, Facebook na mengineyo, na watu wengi wakaweka programu za VPN za bure ili kuikwepa. Kodi hiyo iliondolewa katikati ya mwaka 2021, ikaja ya asilimia 12 juu ya bando, lakini zile programu zilibaki katika mashine nyingi. VPN iliyokufa huendelea kuvuta njia yote ipite kwake, na kwake hapapitiki. Izime, na isipohitajika iondoe. Tazama pia sehemu ya proksi katika mipangilio ya mtandao. Lakini angalia: laptopu ikiwa ya mwajiri, proksi hiyo huenda ameiweka yeye. Usiiondoe kwa mkono wako. Mwambie anayehusika kwa maandishi, usije ukampa mtu sababu ya kukupa barua ya onyo.

Ikiwa hayo yote ni salama, andika cmd katika nafasi ya kutafutia, ufungue kile kidirisha cheusi, na uandike ping 8.8.8.8. Ukipata majibu yenye muda, njia ya kwenda nje iko wazi na kilichokufa ni DNS, yaani kitabu cha simu cha intaneti kinachogeuza majina ya kurasa kuwa namba. Andika ipconfig /flushdns kusafisha kumbukumbu ya zamani. Isiposaidia, ingia katika mipangilio ya Wi-Fi uandike 8.8.8.8 au 1.1.1.1 mahali pa DNS. Usipopata jibu lolote, andika ipconfig utazame anwani ya IPv4. Ikianza na 169.254, laptopu haikupewa namba na ruta, ikajitungia yake. Isahaulishe Wi-Fi hiyo, uiunganishe upya kwa namba ya siri.

Ikibidi kwenda kwa fundi, nakili kwanza mafaili ya tawi katika flashi, na umweleze ulichopima: simu inafungua, saa ni sahihi, ping inajibu au haijibu. Na kama ni ruta ya ofisi iliyokufa na kazi yako imechelewa, andika katika daftari saa ilipoanza, uliyemwarifu na alichojibu. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 imetaja makato yanayoruhusiwa katika mshahara. Anayetaka kukukata kwa sababu ya ruta yake atuonyeshe ni kifungu gani, na daftari hilo mlete tawini siku hiyo hiyo.