Kabaila wa Motrico na Deni la Afrika

Wapo wanasiasa ambao historia huwahukumu kwa neno moja, shauri likaisha. José María de Areilza wa Hispania si mmoja wao. Alizaliwa Portugalete, karibu na Bilbao, mwaka 1909. Baba yake alikuwa daktari mashuhuri aliyeongoza hospitali ya wachimba chuma wa Triano. Mwana alisoma sheria na uhandisi, na kwa ndoa akapata cheo cha Conde wa Motrico. Basi akaingia katika ukoo wa makabaila.

Majeshi ya Jenerali Franco yalipouteka mji wa Bilbao mwezi Juni 1937, Areilza akafanywa meya. Ule ulikuwa mji wa viwanda na wafanyakazi, na maelfu walikuwa wamekimbia. Meya mpya alisimama hadharani akajigamba kwamba mji umetwaliwa kwa nguvu ya silaha, wala si kwa mapatano. Maneno hayo yalimfuata maisha yake yote.

Lakini kwetu sisi Waafrika liko jambo jingine. Mwaka 1941, Ufaransa ikiwa imekwisha kuvunjwa na Hitler, yeye na mwenziwe Fernando María Castiella walitoa kitabu cha kudai haki za Hispania. Haki gani? Mbali ya Gibraltar, walidai Morocco, nchi ya Oran katika Algeria, na ardhi zaidi katika Ghuba ya Guinea. Wenye nchi hawakuulizwa. Walihesabiwa pamoja na mashamba. Na waandishi wale, kila mmoja kwa zamu yake, walikuja kuwa Mawaziri wa Mambo ya Nje!

Areilza alikuwa balozi Argentina tangu 1947, kisha Marekani, kisha Ufaransa hadi 1964. Hapo ndipo alipogeuka. Alijiuzulu, akamwacha Franco, akamtumikia Don Juan, mdai wa kiti cha ufalme aliyekaa uhamishoni Ureno, akaanza kutetea uhuru wa kisiasa. Tumpe haki yake: si wengi waliouacha ubalozi wa Paris kwa hiari.

Franco alikufa Novemba 1975, na Desemba Areilza akawa Waziri wa Mambo ya Nje. Alizunguka miji mikuu ya Ulaya akiahidi kwamba demokrasia inakuja. Tarehe 3 Machi 1976 polisi wa serikali hiyo hiyo waliwapiga risasi wafanyakazi waliogoma mjini Vitoria, na watano wakafa. Amri hakuitoa yeye. Lakini kiti chake kilikuwa katika baraza lile.

Siku chache kabla yake Hispania ilikuwa imeondoka Sahara Magharibi. Mkataba wa kuwaachia nchi hiyo Morocco na Mauritania ulitiwa sahihi Novemba, kabla Areilza hajashika wizara. Aliukuta, akautekeleza. Wasahrawi walikuwa wameahidiwa kura ya kuamua mambo yao. Wakaletewa majeshi mawili. Tarehe 27 Februari walitangaza jamhuri yao, ambayo Tanzania ni miongoni mwa nchi zilizoitambua.

Julai 1976 mfalme alimteua Adolfo Suárez kuwa Waziri Mkuu, na Areilza, aliyekitarajia cheo hicho, akaachwa. Baadaye aliongoza Bunge la Baraza la Ulaya, 1981 hadi 1983. Alifariki Madrid mwezi Februari 1998, akiwa na umri wa miaka 88. Kura ya Wasahrawi ilikuwa bado haijapigwa.