Maabara ya Kwenye Simu Ni Nzuri, Lakini Bureti Ishikwe

Mpwa wangu, mtoto wa Likoni, amepelekwa na TSC kufundisha kemia katika shule moja ya kutwa upande wa Asumbi, kule Homa Bay inakokaribiana na Migori. Mwezi wake wa kwanza alinipigia simu usiku. "Mjomba, leo nimeaibika. Nimefungua koki ya bureti mbele ya watoto, asidi yote ikamwagika mezani."

Alikuwa chuo kikuu wakati wa korona. Vyuo vilipofungwa Machi 2020, majaribio mengi aliyafanya kwenye skrini, na vilipofunguliwa hakuna aliyewarudisha maabara kuyafanya kwa mikono.

Sisemi mtandao ni mbaya. Mradi wa PhET wa Chuo Kikuu cha Colorado, Marekani, ulioanzishwa 2002 na Carl Wieman, mshindi wa Nobel ya fizikia, hutoa majaribio ya skrini bila malipo, na mengi ukishayapakua hayali bando. Mwanafunzi anaona chembe za asidi ndani ya maji, kitu ambacho kwenye chupa jicho halikioni. Akikosea, anarudia hata mara ishirini bila kumaliza dawa za chuo.

Kwa hivyo kuchanganya kunakofaa ni huku: kabla ya maabara, mwanafunzi ajaribu kwenye simu na ajibu maswali machache, ili muda wa maabara usiishe mhadhiri akichora vifaa ubaoni. Akiingia, ashike. Akitoka, arudi mtandaoni apige hesabu na alinganishe majibu na wenzake.

Hapo katikati ndipo pasipo na badali. Bureti ina alama za kila 0.1 cm³, nawe watakiwa ukadirie hadi 0.05, jicho likiwa sawa na mpindo wa maji. Ukichungulia kutoka juu, umepata namba nyingine. Mkono mmoja uko kwenye koki, wa pili unatikisa chupa, na rangi ya waridi ya fenoftalini inapotoweka ufunge papo hapo. Ukizidisha matone, jibu limeharibika na chupa haikwambii. Skrini nyingi hukuandikia namba zenyewe.

Wala tusidanganyane kwamba zamani kulikuwa pepo. Mie nikisoma diploma tulikuwa kumi kwa bureti moja. Mmoja alishika, tisa tukanakili. Mtandao ungetufaa sana: watano kwenye kompyuta, watano mezani, kisha tubadilishane.

Hofu yangu ni vyuo kuona skrini kama njia ya kukwepa kununua vifaa. Chuo Kikuu Huria cha Kenya, kilichopata hati 2023, kinasomesha kwa mtandao, na vingine vinafuata mkondo huo. Lakini karatasi ya tatu ya kemia kwenye KCSE ni ya vitendo, na mtoto wa Asumbi ataifanya kwa mkono aliofundishwa na mwalimu wake.

Mzazi unayempeleka mwanao kusomea ualimu wa sayansi, uliza mapema: atashika vifaa saa ngapi kwa wiki, na ni wangapi kwa bureti moja?

Mpwa wangu siku hizi hubaki jioni na fundi wa maabara. Bureti wanaijaza maji matupu, naye anafungua koki na kufunga, tone kwa tone, mpaka magharibi.